Programu ya kusimamia diski inavyoweza kukwamisha mzigo wako mpakani

Kompyuta ya wakala wa forodha hujaa haraka. Kila mzigo unaopita mikononi mwake huacha ankara, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, cheti cha uasili wa bidhaa, risiti za malipo na picha za lori lilivyofungwa lakiri. Zote huskaniwa na kuhifadhiwa. Siku moja kioo kinaonyesha ujumbe kwamba diski imejaa. Fundi anaitwa. Anapakua programu inayoonyesha ni mafaili gani yanakula nafasi, anafuta yasiyohitajika, analipwa na kuondoka. Programu aliyoiweka inabaki ndani ya kompyuta, na baada ya wiki mbili hakuna anayeikumbuka.

Programu za aina hiyo ndizo mada ya uchambuzi huu. Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Busia, Malaba, Rusumo au Mutukula, zinaweza kuonekana kuwa ni mambo ya mafundi. Lakini kumbukumbu za usalama wa kompyuta za mwaka 2017 na 2018 zinaonyesha kwamba programu ndogo ya kupanga diski inaweza kumpa mtu wa nje mamlaka yote juu ya kompyuta nzima. Kompyuta hiyo ikiwa ndiyo inayobeba jina lako, namba yako ya mlipakodi na tamko la mzigo wako, hasara haiwezi kuwa ya wakala peke yake.

Kilichogundulika

Kampuni ya Flexense hutengeneza programu za kusimamia diski na mafaili kwenye kompyuta za Windows. DiskSavvy huonyesha jinsi nafasi ya diski inavyotumika. DiskBoss hufanya hivyo na zaidi: hupanga, hunakili na kufuta mafaili kwa wingi. Dup Scout hutafuta nakala zinazojirudia, Disk Pulse hufuatilia mabadiliko yanayotokea kwenye diski, na Sync Breeze huhakikisha mafaili ya sehemu mbili yanafanana.

Matoleo ya Enterprise ya programu hizo yanalenga ofisi zenye kompyuta nyingi. Yanaweza kuongozwa kutoka mbali: msimamizi anakaa kwenye kompyuta nyingine, anafungua kivinjari na kutoa amri. Ili hilo liwezekane, ndani ya programu kuna seva ndogo ya wavuti inayosubiri kupokea maombi kupitia mtandao.

Hapo ndipo tatizo lilipoonekana. Mwaka 2017, udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2017-6187 ulihusu seva hiyo katika DiskSavvy Enterprise toleo la 9.4.18. Mtu akituma ombi lenye anwani ndefu kupita kiasi, programu ilishindwa kulihimili, na mtumaji angeweza kuifanya kompyuta itekeleze maagizo yake.

Mwaka huohuo ukasajiliwa udhaifu mwingine, CVE-2017-13696, ambao ulitaja programu nne kwa mkupuo: Dup Scout, DiskSavvy, Sync Breeze na Disk Pulse. Aliyefanikiwa kuutumia alipata mamlaka ya SYSTEM, ambayo katika Windows ni makubwa kuliko ya mtumiaji wa kawaida aliyeketi mbele ya kioo.

Mwaka 2018 zikafuata taarifa nyingine. CVE-2018-5262 iligusa DiskBoss toleo la 8.8.16 na yaliyotangulia, na mshambuliaji hakuhitaji nenosiri lolote. CVE-2018-6481 iligusa DiskSavvy Enterprise toleo la 10.4.18. Safari hii kasoro haikuwa kwenye seva ya wavuti, bali kwenye njia ambayo programu hutumia kupokea amri, kupitia mlango wa mtandao namba 9124.

Namba hizo za CVE ni kama namba za usajili wa magari. Kuna rejista ya kimataifa ambamo kila udhaifu wa programu unaotangazwa hupewa namba yake yenye mwaka, ili fundi wa Kigali na fundi wa Mombasa wanapouzungumzia wajue wanazungumzia kitu kimoja. Rejista hiyo iko wazi kwa kila mtu, mlinzi na mwizi.

Bafa kufurika maana yake nini

Kasoro zote nne ni za aina moja, inayojulikana kama kufurika kwa bafa. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa kupokea kitu kwa muda, kwa mfano jina, anwani au ombi. Ina ukubwa maalumu.

Tuchukue mfano wa daftari la karani wa ghala. Mstari wa kwanza una nafasi 20 za kuandika jina la mwenye mzigo. Mstari wa pili tayari umeandikwa: "Baada ya hapa peleka mzigo ghala namba 4." Karani huyu ananakili kila anachoambiwa bila kuhesabu herufi. Akija mtu mwenye jina la herufi 15, mambo yanakwenda sawa. Siku moja anakuja mtu anayetaja jina la herufi 60. Karani anaandika tu, anamaliza mstari wa kwanza, anaingia wa pili na kufuta yaliyokuwapo. Mgeni huyo alijua hilo litatokea, hivyo sehemu ya mwisho ya jina lake alilolitunga inasomeka: "Peleka mzigo kwenye lori langu nje ya geti." Mpagazi anayefuata anasoma mstari wa pili kama ilivyo kawaida yake, na anatii.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Pembeni ya bafa huwa kuna maelezo yanayoiambia programu iende wapi ikishamaliza kazi iliyopo. Data ikifurika, maelezo hayo hufunikwa. Mara nyingi programu huzimika tu. Lakini aliyepima vizuri urefu wa data yake anaweza kuweka maelekezo yake mahali pale pale, na kompyuta ikayafuata.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: pima urefu kabla ya kuandika. Ugonjwa nao ni wa zamani. Novemba 1988 mdudu wa kompyuta aliyetengenezwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, alisambaa kwenye intaneti changa ya wakati huo. Moja ya njia zake ilikuwa kutuma herufi 536 kwenye bafa iliyotengewa nafasi 512. Ziada ya herufi 24 ilitosha.

Zaidi ya miaka 30 baadaye kasoro hii bado ipo kwa sababu lugha za C na C++, ambazo zimetumika kuandika programu nyingi za Windows, hazimlazimishi mwandishi kupima urefu. Zinamwachia mwenyewe akumbuke. Mifumo ya kisasa ya kompyuta imeongeza vizuizi, mojawapo ni kubadilisha mpangilio wa kumbukumbu ili mshambuliaji asijue pa kulenga. Vizuizi hivyo husaidia, ila programu isiyotengenezwa kuvitumia haipati kinga kamili.

Kwa nini programu za pembeni

Programu ya kusimamia diski ina sifa tatu zinazoifanya iwe hatari pale inapokuwa na kasoro.

Kwanza, inahitaji kusoma diski yote, yakiwamo mafaili ya watumiaji wengine wa kompyuta hiyo. Kwa hiyo hupewa mamlaka makubwa tangu siku inapowekwa. Anayeiteka anarithi mamlaka hayo.

Pili, matoleo ya ofisini huanza yenyewe kila kompyuta inapowashwa na kuendelea kufanya kazi bila kuonekana. Huhitaji kubofya chochote ili iwe hatarini.

Tatu, hakuna anayeihesabu. Mwenye ofisi akiulizwa anatumia programu gani, atataja mfumo wa forodha, barua pepe, programu ya hesabu na pengine WhatsApp. Ile iliyowekwa na fundi siku diski ilipojaa haitatajwa, na kitu kisichotajwa hakisasishwi.

Kuna jambo la nne linalohusu wizi wenyewe. Njia za kutumia kasoro kadhaa za familia hii ya programu zimeingizwa kwenye Metasploit, mkusanyiko wa zana unaotumiwa na wapimaji wa usalama na unaopatikana bure. Kwa hiyo mshambuliaji hahitaji kuelewa bafa ni nini. Anahitaji kuifikia kompyuta yenye toleo bovu na kuchagua zana inayofaa.

Ni kweli kwamba kompyuta nyingi za ofisi haziko wazi moja kwa moja kwenye intaneti. Zimekaa nyuma ya ruta, na hilo hupunguza hatari. Lakini ofisi nyingi za mpakani hutoa Wi-Fi hiyohiyo kwa madereva na wateja wanaosubiri. Kompyuta mpakato moja yenye virusi ikiunganishwa hapo, tayari iko ndani ya geti.

Kompyuta moja Odessa, bandari 17 zikasimama

Anayetaka kujua madhara ya kasoro kama hii kwa biashara ya mizigo na aangalie yaliyotokea tarehe 27 Juni 2017. Siku hiyo programu haribifu iliyopewa jina NotPetya ilianza kusambaa kutoka Ukraine. Ilipitia kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyotumiwa na kampuni nyingi za nchi hiyo.

Kampuni kubwa ya meli ya Maersk ilikuwa na ofisi katika bandari ya Odessa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa mwandishi Andy Greenberg uliochapishwa na jarida la Wired mwaka 2018, M.E.Doc ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta moja ya ofisi hiyo. Moja tu, nayo ikatosha.

Baada ya kuingia, NotPetya ilitumia njia kadhaa kuruka kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mojawapo iliitwa EternalBlue, ambayo nayo ni kufurika kwa bafa, safari hii ndani ya huduma ya Windows inayoziwezesha kompyuta kushirikiana mafaili na diski kupitia mtandao. Ilipofika, iliharibu faharasa ya diski, ile orodha inayoiambia kompyuta kila faili liko wapi. Ujumbe kwenye kioo ulidai malipo, lakini kulipa hakukurudisha chochote.

Vituo 17 kati ya 76 vya kuhudumia makontena vya kampuni hiyo duniani vilikwama. Katika bandari ya Elizabeth, New Jersey nchini Marekani, malori yalipanga foleni nje ya geti kwa sababu mfumo wa kuyatambua ulikuwa umekufa. Wenye mizigo inayoharibika walihangaika kutafuta pa kuiweka. Mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alisema mwezi Januari 2018 kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Kampuni ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 250 na milioni 300 za Marekani.

Mambo mawili katika mkasa huo yanamhusu moja kwa moja mfanyabiashara wa kanda hii.

La kwanza ni kwamba marekebisho ya kasoro iliyotumiwa na EternalBlue yalikuwapo. Microsoft iliyatoa tarehe 14 Machi 2017, zaidi ya miezi mitatu kabla ya shambulizi. Mwezi Mei mwaka huo shambulizi jingine, WannaCry, lilikuwa limekwisha kuionya dunia kwa kutumia mlango huohuo. NotPetya ilikuwa na njia nyingine pia za kusambaa, hivyo marekebisho peke yake yasingezuia kila kitu, lakini kompyuta ambazo hazikusasishwa ziliurahisisha sana mwendo wake.

La pili limetokea Afrika. Maersk ilikuwa na nakala za data nyingi, lakini seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao katika mtandao wote zilifutwa karibu zote kwa pamoja, kwa kuwa zilikuwa zimeunganishwa na kunakiliana. Iliyosalia ilikuwa moja, katika ofisi ya Ghana. Ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulizi na seva hiyo ilikuwa nje ya mtandao. Intaneti ya huko ilikuwa ndogo mno kutuma data hiyo hadi Uingereza, na hakuna mfanyakazi wa Ghana aliyekuwa na viza ya kuingia Uingereza. Ikabidi mmoja wao apande ndege hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, na huyo ndiye aliyeifikisha London.

Kampuni yenye meli katika bahari zote ilinusurika kwa diski moja iliyobebwa mkononi kuvuka mipaka. Fundi yeyote atakayekueleza kwamba nakala iliyounganishwa muda wote inatosha, mkumbushe kisa hicho.

Himaya moja ya forodha, foleni moja

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza mwaka 2014 umebadilisha mahali ambapo mzigo huweza kukwama. Zamani lori lilitoka bandarini na tatizo likajitokeza mpakani. Sasa mwagizaji wa Uganda au Rwanda hutoa tamko kwenye mfumo wa nchi yake wakati kontena bado liko Mombasa au Dar es Salaam. Kodi hulipwa kabla mzigo haujaondoka, na taarifa ya kuuruhusu hutumwa kwa maofisa wa nchi yenye bandari.

Utaratibu huo umepunguza karatasi na vituo vya ukaguzi njiani, na wafanyabiashara wengi hawataki kurudi nyuma. Lakini umefunga pamoja sehemu zilizokuwa mbalimbali. Kompyuta ya wakala wa Kampala ikizimika, lori linasimama Mombasa. Siku za bure za kuhifadhi kontena zinaendelea kuhesabiwa, tozo ya ucheleweshaji wa kontena inaingia, dereva anadai posho, na bei uliyokubaliana na mteja wako inabaki ileile.

Wapo wanaodhani hatari kubwa iko kwenye mifumo mikubwa ya mamlaka za mapato. Mifumo hiyo ina wataalamu wanaoilinda saa zote. Wakala mwenye kompyuta tatu katika chumba kimoja hana mtaalamu, lakini ana nenosiri halali la kuingia katika mfumo huohuo. Mwizi mwenye akili huenda kwa yule mwenye ufunguo.

Aliyeiteka kompyuta hiyo si lazima afute kitu. Anaweza kukaa kimya akisoma. Anaona ankara zinazokuja, anajua mzigo wa nani unafika lini, na siku ya malipo anatuma ujumbe unaofanana na wa wakala au wa muuzaji, ukiwa na namba tofauti ya akaunti. Hati zote zilizoambatishwa ni za kweli kwa sababu zimetoka kwenye diski ya kweli.

Wafanyabiashara wadogo wanaotumia utaratibu uliorahisishwa, wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa shehena moja, wengi hawamhitaji wakala. Hata hivyo wengi huskani vitambulisho na kuchapisha fomu kwenye maduka ya steshenari jirani na kituo cha mpaka. Kompyuta ya duka hilo hubeba nakala za vitambulisho vya watu wengi, nayo diski yake hujaa vilevile.

Sheria inamtazama mwenye mzigo

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina kifungu ambacho wafanyabiashara wengi hukigundua wakati wameshachelewa. Kifungu cha 148 kinasema mwenye mzigo aliyempa wakala mamlaka anawajibika kwa vitendo na matamko ya wakala huyo. Kwa lugha ya sokoni, wakala akikosea, forodha inaweza kuja kwako.

Sasa fikiria tamko lenye thamani ya uongo limetumwa kutoka kwenye kompyuta ya wakala wako, kwa nenosiri lake, kwa namba yako ya mlipakodi, na si wakala aliyelituma. Unaweza kujitetea kwamba huo haukuwa uamuzi wa wakala wako. Lakini utetezi unahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe uko kwenye diski iliyotekwa.

Kuna suala la kumbukumbu pia. Sheria hiyohiyo inaipa forodha uwezo wa kukutaka utoe vitabu na hati za mzigo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingizwa au kusafirishwa. Mfanyabiashara aliyemwachia wakala atunze kila kitu, kisha diski ya wakala ikafutwa, atajibu maswali ya miaka mitatu iliyopita akiwa mikono mitupu.

Sheria za kulinda taarifa binafsi nazo zimeingia katika kanda. Kenya na Uganda zilipitisha za kwao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Ya Kenya inamtaka anayehifadhi taarifa za watu, zikivuja na kuwapo hatari ya kweli ya madhara kwao, atoe taarifa kwa kamishna ndani ya saa 72 tangu alipofahamu. Wakala anayetunza nakala za vitambulisho na pasipoti za wateja anaguswa na sheria hizo, hata kama hajawahi kuzisoma.

Maswali ya kumuuliza wakala wako

Mfanyabiashara hahitaji kuwa fundi ili ajilinde. Anahitaji kuuliza kama anavyouliza bei ya usafiri.

Swali la kwanza: kompyuta inayotoa matamko ina programu gani ndani yake, na nani aliziweka? Orodha ya karatasi moja inatosha. Isiyotumika iondolewe. Programu ya kusimamia diski ikimaliza kazi yake haina sababu ya kubaki, na inayobaki haihitaji kuwa na uwezo wa kuongozwa kutoka mbali.

Swali la pili: masasisho ya usalama yanawekwa lini? Jibu la "fundi akija" halitoshi. Kompyuta inayotumia Windows 10 iulizwe zaidi, kwa kuwa Microsoft iliacha kutoa masasisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Programu iliyopakuliwa kutoka chanzo kisichojulikana ili kukwepa malipo haitapata masasisho ya mtengenezaji, na mara nyingine huja na virusi vyake.

Swali la tatu: mtandao wa wateja na mtandao wa kazi umetenganishwa? Ruta nyingi za kawaida zinaweza kutoa Wi-Fi mbili zenye majina tofauti. Ni kazi ya dakika chache, na inamweka mgeni mbali na kompyuta ya matamko.

Swali la nne: nakala ya hati iko wapi, na imechomolewa? Diski ya nje inayonakiliwa kila jioni kisha ikachomolewa na kufungiwa kabatini ni Ghana ndogo ya ofisi hiyo. Wewe mwenyewe uwe na nakala ya kila tamko, ankara na risiti ya mzigo wako, kwenye karatasi na kwenye diski yako.

Swali la tano linakuhusu wewe. Ukipokea ujumbe wa kubadilisha akaunti ya malipo, unafanya nini? Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe, na usikie sauti unayoijua. Kuchelewa kulipa kwa saa moja kunavumilika. Fedha iliyokwenda kwenye akaunti ya mwizi katika nchi nyingine hairudi kirahisi.

Mawakala watasema hayo yanaongeza gharama. Kutenganisha mtandao na kuondoa programu zisizotumika ni kazi ya siku moja. Diski ya nje ina bei, lakini ailinganishe na tozo za kontena moja lililokaa bandarini wiki nzima.

Kazi iliyobaki kwa Jumuiya

Kila nchi ina kituo chake cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Tanzania ina TZ-CERT chini ya TCRA, Kenya ina KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ina CERT.UG na Rwanda ina Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Vituo hivyo hutoa tahadhari, lakini tahadhari huandikwa kwa mafundi. Mfanyabiashara wa Mutukula hatajua kwamba onyo la leo linahusu kompyuta iliyobeba tamko lake.

Leseni za mawakala wa forodha huhuishwa kila mwaka, na mawakala wa nchi moja wameruhusiwa kufanya kazi katika nchi nyingine za Himaya Moja ya Forodha. Hapo kuna nafasi ya wazi. Mamlaka za mapato zinazokagua kama wakala ana ofisi na dhamana zingeweza pia kukagua kama kompyuta yake ya matamko inasasishwa, kama ina nakala iliyo nje ya mtandao, na kama ana namba ya kupiga siku mambo yakiharibika. Sharti likiwa moja katika nchi zote, wakala mwangalifu hatazidiwa bei na yule anayeokoa fedha kwa kutojali.

Vyama vya mawakala na vya wafanyabiashara vinaweza kuanza bila kusubiri sheria. Kutafsiri tahadhari za usalama kwa Kiswahili chepesi na kuzibandika kwenye vituo vya huduma za pamoja mpakani, pale pale penye matangazo ya viwango vya ushuru, hakuhitaji bajeti kubwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye mzigo ana uwezo wa kuchagua wakala. Safari ijayo, kabla hujamkabidhi ankara zako, mwombe akuonyeshe diski ya nakala iliyochomolewa. Asiye nayo mpe muda wa kuinunua, au mpe kazi mwenzake.